Mpira Chini ya Kiatu

Tiketi aliyoachiwa na mwanawe kwenye dirisha la uwanja wa besiboli ilikuwa ya kivulini, nyuma kabisa ya mdakaji, mahali wanapokaa ndugu wa wachezaji wageni. Kiti chenyewe kina mto. Bernadette Hruska aliipokea, akaigeuza huku na huku, akampa mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni amejifunika gazeti kichwani kwa sababu ya jua. Kisha akazunguka uwanja mzima kwa miguu kwenda kukaa anapokaa siku zote: mabenchi ya kulia, ubao mtupu, mstari wa kwanza juu ya ukuta, jua linapiga utosini mpaka mechi iishe.

Alikuwa amevaa jezi yake nyekundu ya Wahunzi wa Corbin Mills na kofia yao iliyochujuka. Wapo waliokuwa na hakika kwamba leo atakuja na njano ya wageni, timu ya mwanawe. Walipomwona walijifanya wanatafuta karanga zilizoanguka.

Otis Tillery, fundi mstaafu wa mabasi ya shule na jirani yake wa benchi tangu wote wawili wana magoti mazima, alikuwa amemwekea nafasi kwa sanduku la barafu.

"Nilidhani leo unatuhama," alisema.

"Nihamie wapi? Hapa nimekaa tangu wewe una nywele."

"Na kijana akiupiga mpira ukaruka ukuta?"

"Nitazomea. Aliyevaa njano anazomewa."

"Mwanao?"

"Otis, nipishe nikae, usinihoji kama polisi."

Alikaa. Hakuwa mtulivu hata kidogo, na Otis alijua, ndiyo maana alimpa mfuko wa karanga apate cha kufanya na mikono.

Anton Hruska alikuwa amechezea Wahunzi misimu miwili. Mtoto wa hapahapa, aliyekulia kwenye ubao huuhuu akimwagia watu soda. Mkono mzuri, miguu mizuri, na gongo ambalo lilikuwa na kisirani kimoja: kila alipoupiga mpira kwa nguvu uliruka, ukaruka, ukaishia kwenye glavu ya mtu aliyeegemea ukuta, naye ametolewa. Misimu miwili, na hakuna hata mmoja uliovuka ukuta, ule ambao mpigaji huzungukia besi zote bila kuguswa. Watu wakambatiza Hruska wa Ukutani. Halafu majira ya kuchipua yaliyopita, Pruitt, meneja wa klabu, akampigia simu. Anton alikuwa jikoni kwa mama yake, anakula mayai. "Tunakushukuru sana, Anton, lakini hatutakuhitaji tena." Alipoweka simu mezani mayai yalikuwa bado yanatoa moshi. Bernadette hakuisahau ile sahani.

Nyigu wa Ashbury, ambao Corbin Mills nzima inawachukia kama kodi, walimchukua kwa sababu mchezaji wao wa kulia alivunjika kiganja. Kiganja kilikuwa kinapona. Anton mwenyewe alikuwa amemwambia mama yake kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayesimulia hali ya hewa, kwamba asipoonyesha kitu wiki hii anarudi nyumbani kuezeka mapaa na shemeji yake.

Kwa hiyo Bernadette alikuwa na moyo mmoja na timu mbili, na hakuwa tayari kumwomba mtu ruhusa. Pruitt alikuja juzijuzi na tai yake. Bernadette alianza kuja hapa akiwa tumboni mwa mama yake, na kiwanda cha chuma kilipokuwa bado kinafanya kazi ndiye aliyekuwa mrushaji wa timu yao ya wanawake, mkono wa kuogopwa. Timu ni yake. Mtoto ni wake. Asiyependa ajinyonge.

Lakini kwenye mabenchi ya kulia kuna sheria, na sheria hiyo walinzi wake walikuwa Bernadette na Otis. Mgeni akipiga mpira ukavuka ukuta na kuangukia kwetu, hatuuweki. Unarudishwa uwanjani palepale, mbele ya macho yake, ajue kwamba hatutaki kitu chake. Huo ndio ufidhuli wetu, na tunauonea fahari. Mpira ukisharudi, mfanyakazi wa uwanja anauokota na kuutosa kwenye ndoo ya mipira ya mazoezi, na habari yake imekwisha. Kiangazi kilichopita daktari mmoja wa meno alijaribu kuuficha ndani ya koti. Bernadette alimfuata mpaka kwenye foleni ya bia, akirusha maneno tu, mpaka mtu akaona afadhali arushe mpira.

Anton alipokuja kupiga mara ya kwanza, mabenchi yalimwimbia. "U-ku-ta-ni! U-ku-ta-ni!" Bernadette alizomea. Alizomea kuliko wote, maana alijua akinyamaza watamgeukia. Anton akapunga gongo hewani mara tatu, hakugusa kitu, akarudi kukaa. Mama yake aliendelea kuzomea hata wengine walipokwisha, kisha akapasua ganda la karanga kwa nguvu likamruka jichoni.

Mara ya pili aliupiga. Ukaenda juu, mbali, mpaka kulia, na mchezaji wa Wahunzi akaudaka mgongo ukiwa ukutani, chini kabisa ya miguu yao. Watu walicheka wakapigiana mikono.

"Pole, dada," Otis alisema kwa sauti ya chini.

"Pole ya nini? Tumemtoa. Piga makofi."

Otis akapiga makofi.

Awamu ya saba Wahunzi walikuwa mbele, tatu kwa mbili. Nyigu walikuwa na mtu mmoja amesimama besi ya pili, na Anton akatoka tena kupiga. Wimbo wa ukutani ukaanza kabla hajafika. Bernadette alifungua mdomo azomee, sauti ikagoma. Hakujua kwa nini. Alikaa tu na mfuko wa karanga umekunjwa kifuani.

Mlio wa gongo alioupata Anton safari hii ulikuwa mwingine. Aliyewahi kurusha mpira anaujua. Bernadette aliujua kabla mpira haujapanda, na alisimama kabla ya watu wote. Mchezaji wa kulia alirudi nyuma, akagusa ukuta, akatazama juu, halafu akafanya kile ambacho mashabiki hawapendi kukiona: akashusha mikono. Mpira ulipita juu yake, ukapiga ubao wa mbele, ukaruka ukampiga Otis kifuani paa, ukaanguka, ukabingirika kati ya makopo na maganda. Mikono kama kumi ilishuka kuutafuta.

Bernadette aliukanyaga.

Kule uwanjani Anton alikuwa anakimbia kuzunguka besi, kichwa chini kama alivyofundishwa, bila mbwembwe. Yeye na yule wa besi ya pili, alama mbili: Nyigu nne, Wahunzi tatu. Kwenye mabenchi ya kulia sauti moja ikaanza, zikafuata mia.

"Rudisha! Rudisha! Rudisha!"

Otis alikuwa anajisugua kifua. Alinyoosha mkono.

"Bernie, inua mguu."

"Siinui."

"Usinitanie."

"Nikutanie kwa lipi? Siinui."

"Sheria, Bernie. Si mimi nikukumbushe wewe."

"Ukirudi unaenda wapi?"

Otis aliuacha mkono umenyooka.

"Sema! Unaenda kwenye ndoo. Kesho wanaupigia mazoezi, keshokutwa umechanika. Miaka yote hiyo mtoto anauhangaikia uvuke huu ukuta, huu, siyo mwingine, halafu uende kwenye ndoo ya Pruitt? Hauendi."

"Yule daktari wa meno naye alikuwa na sababu. Alisema ni siku ya kuzaliwa ya mtoto wake. Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia siku ya kuzaliwa ipo kila mwaka."

"Enhe."

"Enhe nini? Hii haipo kila mwaka!"

Bisi zilianza kumwangukia mabegani. Mtu mmoja wa nyuma, mkono ukamteleza au akauachia uteleze, akamwagia bia mgongoni. Ilikuwa baridi na ilishuka mpaka kiunoni. Bernadette aliinama, akautoa mpira chini ya kiatu, akaushika imara mbele ya tumbo kwa mikono yote miwili, kisha akageuka kuwatazama.

"Rudi Ashbury, mama!" alipiga kelele kijana mmoja mnene aliyejipaka rangi nyekundu uso mzima.

Hapo alimtolea uvivu.

"Mimi na Ashbury wapi na wapi? Timu hii ilipofungwa mwezi mzima bila kushinda hata mechi moja, mvua inanyesha, mimi nilikuwa nimekaa hapa na mfuko wa takataka kichwani. Wewe ulikuwa wapi?"

"Sikuwa nimezaliwa!"

"Basi kaa chini umalizie kuzaliwa!"

Walicheka, hata waliomkasirikia. Lakini kucheka hakukuwafanya waache. "Rudisha!" ilirudi, nzito zaidi, na miguu ikaanza kupigwa kwenye mbao. Bernadette aliwafahamu karibu wote. Ndio aliokula nao soseji za moto miaka nenda miaka rudi, ndio waliokuja na vyakula mlangoni mume wake alipofariki. Leo walikuwa ukuta. Iliuma, tena iliuma sana, na alitamani mtu mmoja tu akae kimya kwa ajili yake. Hakuna aliyekaa kimya. Naye hakukaa.

Katikati ya zogo hilo akatokea Pruitt, anashuka ngazi kwa tahadhari kama mtu asiyetaka kugusa kitu, tai shingoni kwenye joto lile, na nyuma yake mpiga picha.

"Mama Hruska! Mama Hruska wangu! Hii ni habari kubwa, unaelewa? Mama na mwana! Sasa sikiliza. Mechi ikiisha tunashuka uwanjani wote, wewe, Anton, mimi, mpira uko katikati. Picha kwenye ubao mkubwa. Halafu mpira tunauweka pale langoni kwenye kabati la kioo, na jina lake. Si vizuri?"

Kelele zilipungua kidogo. Watu walitaka kusikia. Bernadette alimwangalia Pruitt kuanzia viatu.

"Siku ulipompigia simu, unajua alikuwa anafanya nini?"

"Samahani?"

"Alikuwa anakula mayai. Jikoni kwangu. Hakuyamaliza."

"Ah, mama, ile ni kazi tu. Hakukuwa na ubaya..."

"Mimi nina ubaya. Mtoto hukumtaka, mpira wake unautakia nini? Kwenye kabati lako weka hiyo tai."

Mtu alipiga mluzi. Mpiga picha alishusha kamera, akajikuna shavu. Pruitt alitabasamu tabasamu la mtu anayetafuta mlango, akasogea nusu hatua na kunyoosha mkono kuelekea kwenye mpira, pengine kwa nia ya kugusa tu. Otis Tillery alisimama. Otis akisimama huchukua muda, lakini akishasimama anaziba jua.

"Bwana Pruitt," alisema kwa upole kabisa, "hapa ni mabenchi ya kulia. Ngazi ulizoshukia ndizo hizo za kupandia."

"Nenda kapandishe tena bei ya bia!" alipiga kelele yule kijana mwekundu, na mabenchi yote yakamzomea Pruitt mpaka akatokomea. Alizomewa vizuri, kwa moyo mmoja, na kwa dakika hiyo Bernadette alikuwa kwao tena.

Dakika hiyo ikapita. Otis alikaa, akajifuta uso.

"Kwa huyo nimekusaidia. Lakini mpira urudi, Bernie. Nikikuachia wewe, kesho nitamwambia nini daktari wa meno?"

"Utarudi."

"Lini?"

"Nikitaka mimi. Nani kasema lazima nirushe kwa kupigiwa kelele?"

"Tumefanya hivyo siku zote."

"Siku zote mpigaji hajawahi kuwa wangu."

Chini, mpigaji wa mwisho wa Nyigu alitolewa, timu zikabadilishana. Wachezaji wa njano wakatoka kwenda kusimama kwenye nafasi zao, na mmoja wao akaja anakimbia taratibu moja kwa moja kuelekea ukuta wa kulia, maana ndiyo nafasi yake. Mabenchi yalimpokea.

"Hruska! Mama yako mwizi!"

"Hruska! Mwambie mama arudishe mali ya watu!"

Anton alisimama kwenye nyasi. Aligeuza uso, akainua ukingo wa kofia. Alimwona mama yake amesimama kwenye mstari wa kwanza, jezi nyekundu imelowa bia, bisi kwenye nywele, mikono imefumbatwa tumboni kama aliyebeba kifaranga. Haikumchukua muda kuelewa. Ubao ule aliujua kuliko kitanda chake.

Bernadette aliingiwa na hofu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Zile kelele zote hazikumtisha; sasa aliogopa mtoto asije akaona aibu, akampa kisogo. Au mbaya zaidi, asije akampungia mkono wa huruma, wa kumwambia aketi apumzike.

Anton alifungua mikono yote miwili.

"Mama!" alipaza sauti. "Unangoja nini?"

Mabenchi yalilipuka kwa kicheko. Yeye hakucheka.

"Kila mgeni anarudishiwa wake! Mimi nina kasoro gani?"

Bernadette alisimama vilevile, na maneno yale yakamwingia mpaka kwenye mifupa. Ilikuwa kweli. Tangu azaliwe, mtoto huyu alikuwa ameona mipira ikirudishwa kwa watu wakubwa, watu walioiumiza Corbin Mills mpaka ikatukana. Yeye hakuwahi kuwaumiza. Walimcheka tu. Hruska wa Ukutani, nani angemrudishia kitu? Na leo amewaumiza, kweli kweli, mbele ya uwanja mzima, na mama yake ndiye aliyekuwa anamnyima haki yake.

Lakini ndoo ni ndoo. Hakubadili msimamo juu ya ndoo.

"Rudi nyuma!" alimpigia kelele. "Rudi! Bado! Unadhani mkono huu umeota kutu?"

Anton alirudi nyuma hatua kadhaa, akacheka sasa, akainua glavu usawa wa kifua.

Bernadette alimpa Otis kofia yake aishike. Alitafuta mishono ya mpira kwa vidole, akaipata. Bega lilikuwa linamuuma tangu Krismasi, aliliambia linyamaze. Mabenchi yalikuwa yamenyamaza pia, bila kuambiwa. Akainua goti kadiri goti lilivyokubali, akarusha.

Haukuwa mrusho wa mama anayempa mtoto wake zawadi. Ulikwenda chini, umenyooka, una hasira ndani yake, ukaingia kwenye glavu ya Anton kwa mlio uliosikika mpaka kule kwenye viti vya mito. Anton alitikisa mkono kwa maumivu. Kisha, bila haraka, akautoa mpira kwenye glavu, akautazama, akaugeuza, akautia mfuko wa nyuma wa suruali na kuupiga kibao kuhakikisha umekaa.

Yule mfanyakazi wa uwanja alikuwa ameshaanza kukimbia na ndoo yake. Anton alimwonyesha kiganja. Mtu akasimama, akarudi alikotoka.

Kelele zilizofuata Bernadette hakuwahi kuzisikia kwenye mabenchi yale, hata miaka ya ubingwa. Yule kijana mwekundu alikuwa anapiga mbao kwa mikono yote miwili, rangi inamtiririka shingoni. Mwanamke asiyemjua alianza kumpangusa bisi kichwani.

"Hiyo," alisema Otis, "haijawahi kufanyika."

"Umerudi au haujarudi?"

"Umerudi."

"Basi nipe kofia yangu."

Mpigaji wa kwanza wa Wahunzi awamu ile, mtu mwenye mabega, aliupiga mpira wa kwanza aliorushiwa, ukapanda kuelekea kulia, juu, mbali. Corbin Mills nzima ilisimama. Kama ungevuka, mechi ingekuwa sare. Anton aligeuka akakimbia kuelekea ukutani, na mfuko wake wa nyuma umevimba unaruka naye.

"Dondosha!" Bernadette alipiga kelele, mwili mzima umelalia ukuta. "Dondosha, wewe mtoto! Dondosha!"

Anton aliruka. Mgongo wake uligonga ukuta chini yake kabisa, mkono ukapita juu, glavu ikajifunga mbele ya pua ya mama yake kwa umbali wa kuweza kuishika. Mpira ulikuwa ndani. Kwa sekunde moja waliangaliana, yeye anahema, mama anahema, kisha Anton akashuka.

"Mwizi wewe!" Bernadette alimpigia kelele. "Mwizi! Njoo nyumbani ule!"

Kisha akazomea. Alizomea kwa nguvu zote, mikono mdomoni, machozi yakishuka mpaka kidevuni bila yeye kuyafuta. Otis alitoa kitambaa chake, kile cha kufutia mafuta ya magari, akampa.

"Ni jasho," alisema Bernadette.

"Najua," alisema Otis, naye akaendelea kuzomea.